Ukuta wa Mchanga Mwingi

"Mdogo wangu, hivi unatafuta mtu wa kubomoa ukuta au unatafuta mchumba?"

Dada aliuliza hivyo akiwa amejimwaga ndani ya saluni ya mdogo wake Chiriku, kwenye kiti cha wateja, kile cha kuzunguka, anajipepea kwa kipande cha boksi. Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kontrakta wa kwanza alikuja na viatu vya kung'aa na simu mbili, akautupia ukuta jicho moja tu, akasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Chiriku akamkataa, eti ana haraka. Wa pili alikuja taratibu, akapima, akapima tena, akauliza kifusi kitamwagwa wapi. Maswali ya maana kabisa. Chiriku akamkataa naye, eti anachelewa.

"Wa kwanza mbio, wa pili kobe," Dada akaendelea. "Na mnunuzi wa nyumba hangoji. Anataka ukumbi mzima kama ulivyokuwa zamani. Ukuta ukibaki, hanunui. Asiponunua, utaendelea kukaa humu kama kuku wa mayai mpaka uzeeke."

"Nimesikia, Dada."

"Umesikia kwa sikio lipi?"

Chiriku alikuwa anakunja taulo za saluni, anazikunjua, anazikunja tena. Jina hilo la Chiriku alipewa na mumewe siku za mwanzo, maana alikuwa haishiwi maneno, anaongea akipika, anaongea akioga, anaongea mpaka usingizini. Siku hizi alisuka vichwa vya watu kimya kimya, na wateja wapya wakamsifu kuwa ni msusi anayejua kusikiliza.

Mumewe huyo alikuwa hapo hapo, upande wa pili wa ukuta. Hawakupeana talaka na hawakupeana salamu. Nyumba moja, milango miwili, na ukuta umepita katikati ya ukumbi ambao siku ya kuhamia walicheza muziki wawili peke yao, kabla hawajawa na hata kiti cha kukalia.

Mume alikuwa mwashi. Watu walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye kizito ambayo mafundi huining'iniza kujua kama ukuta umesimama wima. Walisema ukuta wake umenyooka kuliko timazi yenyewe. Siku mama mzazi wa Chiriku alipozikwa, Timazi alikuwa juu ya ghorofa, anamwaga zege. Sasa zege likishaanza kumwagwa halikatizwi. Ukilikatiza linaganda mapande mawili, na jengo linabaki na ufa wa maisha. Alifika jioni, suruali imekaukiwa na saruji mpaka magotini, watu wameshatawanyika. Chiriku hakumlilia wala hakumtukana. Alimwambia, "Nijengee ukuta, nisikuone." Na yule bwana, badala ya kupiga magoti kama waume wengine, akaenda kuleta matofali.

Miaka sita ikapita hivyo. Kikohozi chake Chiriku alikisikia kila asubuhi. Alijua ni lini amenunua redio mpya na ni lini imeharibika.

"Hodi humu ndani!"

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, suruali ya jinzi, kitambaa kichwani, tochi imechomoza mfukoni. Mafundi walimwita Mama Tindo, kwa kile chuma cha kutobolea kuta ambacho hakikumtoka mkononi. Alikuwa kontrakta wa kubomoa, na kubomoa tu.

"Kujenga nimewaachia wenye subira," alijitambulisha. "Kuna mtu anaumwa kifua humu? Pumu? Mtoto mchanga?"

"Hakuna," Chiriku akasema.

"Vizuri. Meni swichi iko wapi? Na maji yanafungiwa wapi? Taa hii hapa ukutani, waya wake unapita juu au umezikwa ndani?"

Alipanda ngazi, akafungua kidirisha cha dari, akamulika mbao zinazobeba paa. Akashuka. Akagonga huku na huku kwa kifundo cha kidole, ameinamisha sikio. Chiriku alimfuata kila hatua, anatafuta kasoro. Hakuiona. Akaanza kuogopa, maana sasa hakuwa na la kumkatalia huyu mama.

"Nzuri," Mama Tindo akasema. "Paa halijaegemea hapa, kwa hiyo hakuna nguzo za kusimamisha. Sasa nionyesheni upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?" Dada akauliza.

"Wa ukuta, mama. Mimi sijawahi kuona ukuta wenye upande mmoja."

"Huko kuna mtu ameshatoa ruhusa. Alituma neno: fanyeni mtakavyo, ila mimi siubomoi."

"Ruhusa ya neno nimeipokea. Lakini nyundo yangu ikipita hapa inatokea kule, na kule sijui kuna kabati, kuna kioo, kuna kichwa cha mtu. Siubomoi kabla sijauona."

Dada akashuka kitini huku akiguna. "Haya twendeni. Mimi nitasimama mlangoni. Kwa yule mtu siketi."

Walitoka mlango wa mbele, wakazunguka kona ya nyumba. Hatua chache tu, ambazo Chiriku hakuwahi kuzikanyaga tangu ukuta usimame. Njiani alijishika nywele, akajikuta anazilaza, akakasirika na mkono wake mwenyewe. Mama Tindo akabisha hodi.

Timazi alifungua akiwa amevaa shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kama mtu aliyeambiwa wageni watakuja lakini hakuambiwa ni lini. Ndevu zimeingia mvi. Macho yao yakakutana na kuachana upesi, kama watu wawili waliogongana mlangoni, kila mmoja anampisha mwenzake.

"Karibuni," akasema. Halafu, chini kidogo, "Karibu."

Hiyo ya pili Chiriku aliipokea bila kuijibu, lakini aliipokea.

Chumba kilikuwa safi, na kilimshangaza. Kitanda kimesukumwa mpaka dirishani. Meza iko katikati, viti vimeizunguka. Pembeni ya ule ukuta hapakuwa na kitu chochote, hata ndoo. Pale pamekaa wazi, pamefagiwa. *Kumbe hata kuegemea upande wangu hataki*, Chiriku akawaza.

Mama Tindo alitoa msumari mfukoni, akaukwangua ukuta katikati ya tofali na tofali. Akasita. Akakwangua tena. Mchanga ukamiminika mkononi mwake kama sukari kutoka kwenye mfuko uliotoboka. Akaenda kwenye pembe, pale ukuta unapokutana na ukuta wa nje, akaingiza msumari wote mpaka kichwani.

"Ah! Nani alijenga uchafu huu?"

Akaukung'uta ule mchanga kiganjani.

"Maana mchanga umejaa, saruji ya kunusia tu! Na pembeni haukuunganishwa na kuta za nyumba, umeegeshwa. Huyu ama hakujua kazi, ama alilewa, ama hakutaka ukuta ukae." Alimgeukia Timazi. "Mzee wangu, uliibiwa. Ungeniambia nikamtafute huyo tapeli."

"Ni mimi," Timazi akasema.

"Wewe nani?"

Dada akaangua kicheko pale mlangoni. "Si ndiye huyo! Ndiye Timazi wenu mnayemsifia!"

Mama Tindo akamtazama yule bwana kuanzia viatu hadi mvi. "Timazi? Timazi wa ile hospitali? Mimi nilishindwa kubomoa choo ulichojenga wewe! Nilivunja tindo mbili!" Akautazama ukuta, akamtazama tena, kisha akafunga mdomo. Alikuwa mtu mzima, na mtu mzima hujua mahali pa kunyamazia.

Lakini Chiriku hakusikia habari za choo. Alikuwa amerudi nyuma kimawazo, mwaka ule wa kwanza wa saluni, alipotaka kutundika kioo kikubwa cha wateja. Alipiga msumari mara moja, na hapo hapo akasikia ngumi upande wa pili, na sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi: "Usipige msumari ukuta huu! Usitundike kitu!" Alilia siku ile. Aliwasimulia wateja wote kwamba yule mwanamume anamnyima hata ukuta. Kioo akakiweka kwenye meza, na chuki akaiweka moyoni.

"Ulisema nisitundike kioo," akasema.

"Ungekuangukia," Timazi akajibu.

"Ungeniangukia."

"Ndiyo. Ndiyo maana kila mvua kubwa ikinyesha nilikuwa naamka kuushika. Nautazama, naushika."

"Na kwa nini ukajenga ukuta wa kuanguka?"

Timazi akatazama viganja vyake. Mikono ile ilijua kila kitu, lakini ulimi wake haukuwahi kujifunza kazi. "Uliniambia nijenge, nikajenga. Lakini sikuweza kuujenga wa kukaa. Nilichanganya saruji kama kawaida, nikaimwaga, nikachanganya nyingine, mchanga mwingi. Nikasema, siku Chiriku akisema basi, nisihangaike na tindo. Niusukume kwa bega tu, tumalize."

Mama Tindo aligeuka kukagua dirisha lisilokuwa na tatizo lolote. Hapa ndipo ungetarajia mwanamke aangue kilio na kumrukia mumewe shingoni. Kifua cha Chiriku kilijaa kweli, kikajaa mpaka kikauma, lakini kilichotoka hakikuwa kilio.

"Miaka sita!"

"Chiriku..."

"Usiniite! Miaka sita unaniambia unanipenda kwa mchanga? Mimi ni msusi! Nitajuaje kusoma mchanga? Mimi nilikuwa naona tofali, nikasema mtu huyu amenijengea tofali na ameridhika. Nikalala na tofali. Na wewe umekaa huku unangoja nilisome kosa lako la makusudi, nikusifu!"

"Nilikuwa nangoja useme."

"Na wewe mdomo wako ulikuwa unafanya kazi gani? Wa kukoholea tu?"

Mama Tindo akashindwa, akacheka puani. Timazi naye pembe ya mdomo ilitikisika, kisha ikatulia.

"Wewe ndiye uliyetaka ukuta," akasema polepole. "Nikaona si haki mimi kuutoa. Nilishakukosea mara moja kwa kufanya nilivyoona mimi."

"Hilo la kukosea," Dada akaingilia, na sasa alikuwa ameshavuka kizingiti bila kujua, "hilo ndilo nataka kulisikia. Maana mnapendana pendana hapa, mama yangu yuko chini. Tulimzika na wewe uko juu ya zege lako, shemeji. Mwenye ghorofa lile alikuwa muhimu kuliko mama yetu?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka sita kumwita shemeji. Lilimtoka kwa hasira, lakini lilimtoka.

Chiriku alimtazama mumewe. Alijua atakachosema. Atasema zege halikatizwi, kama alivyosema siku ile, na litakuwa kweli, na halitamsaidia mtu. Akajikuta anamwombea kimya kimya asiseme hivyo. Akishasema hivyo, mnunuzi atapata ukumbi wake, na yeye atahamia kwa Dada, na hatasikia tena kikohozi kile asubuhi. Hapo ndipo alipojua anachokitaka, na kikamwogopesha.

Timazi alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama alinifundisha kula na kijiko kidogo," akasema.

"Nini?" Dada akakunja uso.

"Nilipokuja kuposa. Nilikula haraka kama watu wa saiti. Akanipa kijiko cha chai, akaniambia, mwanangu, ukila na hiki utapata nafasi ya kuongea na mke wako." Akameza mate. "Siku ile habari ilinikuta juu. Zege nusu. Mwenzangu mmoja aliniambia, shuka, sisi tutamalizia. Wangeweza. Mimi nilisema haliwezekani. Nimesema hivyo miaka yote. Liliwezekana, shemeji. Niliogopa kumwona ndani ya kaburi. Nikashika koleo."

Dada alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na ubishi haukuja. Akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. Kwa yule mtu ambaye kwake haketi.

"Ungesema hivyo siku ile," akanong'ona.

"Ningesema."

"Mficha uchi hazai, shemeji yangu."

"Sikuzaa kitu. Nilizaa huu ukuta."

Machozi ya Chiriku yakaja sasa, bila kelele, na hakuyafuta. Alisimama mbele ya mumewe. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake, ile ile ya zamani, ya kipande. Kumbe hakuibadilisha.

"Sema unachotaka," akamwambia. "Usijenge wala usibomoe. Sema. Na useme mbele ya dada yangu, ili kesho usije ukaniambia ulisema kwa rangi ya dirisha."

Timazi akasimama. Akakohoa. Jasho lilimtoka kama aliyebeba mfuko wa saruji ghorofa ya nne.

"Nataka..." akaanza, akakwama. "Sitaki nyumba iuzwe. Nataka uongee. Nataka nikisikia unaongea na wateja, nisitege sikio kama mwizi. Nataka unigombeze nikichelewa. Nakutaka wewe. Nisamehe. Basi, nimemaliza maneno."

"Umemaliza?"

"Yalikuwa hayo tu. Nimeyatunza."

Chiriku alipumua. Alinyoosha mkono, akamfungua kile kifungo cha shingoni kilichokuwa kinamkaba. Kitu kidogo tu. Lakini vidole vilikaa pale zaidi ya kazi yake, na yule bwana akafumba macho.

"Sijasema nimekusamehe," akasema. "Nitakusamehe kidogo kidogo, na kwa kelele. Utachoka kunisikia."

"Sitachoka."

"Utachoka. Dada?"

Dada alikuwa anatazama sakafu. Ilimchukua muda. Alikuwa amemtunzia mdogo wake hasira hiyo, akiidhani ni ulinzi, na sasa hakujua aitue wapi. "Mimi bado," akasema. "Moyo wangu si kitasa, uuzungushe tu ufunguke. Lakini kesho asubuhi utanisindikiza kaburini, shemeji. Sisi wawili. Hayo uliyoyasema utamwambia mwenyewe. Nikikuona umesimama pale, nitajua la kufanya."

"Nitakuja."

"Na mnunuzi nitamwambia mimi," akaongeza, akiinuka kwa hasira ya kujifanya. "Mtanitia aibu. Nimemsifia ukumbi huu mpaka amenunua mapazia."

Mama Tindo akaona hapo pana upenyo, akakohoa. "Samahanini jamani. Wagombanao ndio wapatanao, nimefurahi sana. Ila mimi ni mtu wa kazi. Tunabomoa au hatubomoi?"

"Tunabomoa!" Chiriku na Timazi wakasema pamoja.

"Ningeweza kuusukuma mimi mwenyewe," Timazi akasema. "Kwa bega."

"Thubutu!" Mama Tindo akamwonyeshea tindo. "Uliujenga kwa mapenzi, ukiubomoa kwa mapenzi utavunjika mguu. Ukuta utabomolewa kutoka juu, tofali moja moja, umeme umezimwa, maji yamefungwa, milango imezibwa kwa shuka zilizoloweshwa. Na vitu vyote vya pande zote mbili nataka viwe chumba kimoja, kile cha nyuma ya saluni, mlango umefungwa. Vumbi la ukuta huu ni mchanga mtupu, litawaingia mpaka kwenye meno."

Basi wakaanza. Ilikuwa bado mchana, jua limejaa madirishani, na nyumba ikawa kama ya watu wanaohama bila kujua waelekee wapi. Timazi alileta kasha lake la vifaa na redio iliyoharibika. Chiriku alileta mashine za kukaushia nywele na ndoo ya vitana. Meza ilikwama kwenye kona ya nyumba, upande mmoja ameshika mume, mwingine ameshika mke.

"Inua upande wako," Chiriku akasema.

"Nimeinua."

"Hujainua. Ungeinua isingekuwa inakwaruza. Geuza. Siyo huko! Wewe huko kwenye maghorofa mnageuzaje vitu? Au kule mnaogopana kuambiana? Haya sasa taratibu, mlango huo. Angalia kidole. Nimesema angalia kidole!"

Timazi alikuwa anatabasamu na kidole chake kinavuja damu.

Dada aliwafuata nyuma na rundo la nguo, akalitupa juu ya yale mengine. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa mpaka dirishani. Shati la kazi limelalia gauni, koleo limeingia katikati ya mito, sufuria mbili za ukubwa mmoja zimebebana. Alisimama akashika kiuno.

"Na baadaye mtajuaje kipi cha nani?"

Chiriku alikuwa ametandaza shuka kubwa juu ya rundo zima. Akamrushia mumewe ncha ya upande wa pili, akaifunga ya kwake kwa fundo.

"Hatutauliza, Dada," akasema.